Jinsi Ukoo wa Ferreda Ulivyopanda Cheo

Nchi ya Montalvera haimo katika ramani yoyote, na Mwalimu Kalisa alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ni yeye aliyeiumba. Aliiumba Jumapili moja ya Februari, mwaka 2016, baada ya ibada, mezani kwa Mama Umuhoza, hatua chache kutoka bustani ya Iroquois mjini Louisville, Kentucky, kwa kalamu ya wino wa buluu. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka kumweleza mtu mmoja jambo moja, basi.

Mtu huyo alikuwa Karaha, mdogo wa marehemu baba yake Umuhoza, aliyeendesha gari saa tatu na nusu kutoka Columbus ili asikie habari za kijana anayetaka kumwoa binti wa kaka yake. Kijana mwenyewe, Wilmer Zepeda Lara, hakuwapo. Desturi haikumruhusu kuwapo katika mazungumzo ya kwanza. Alikuwa amemwomba Mwalimu Kalisa, anayefanya naye kazi katika ghala moja la vipuri huko South End, awe msemaji wake. Mwalimu alikubali kwa sababu mbili. Kwanza, katika miaka minne ghalani hakuwahi kumwona Wilmer akiweka sanduku mahali pasipo pake. Pili, alimpenda Umuhoza, aliyekuwa akiwahudumia wazee katika nyumba moja ya Shively na kurudi jioni bado ana tabasamu.

Ugumu wa posa hiyo ulikuwa mmoja, na kila mtu mezani aliujua. Wilmer hakuwa na watu. Aliachwa akiwa na miaka mitatu, serikali ikamlea, akahamishwa nyumba hadi nyumba za walezi humohumo Kentucky. Na mwenye neno la mwisho juu ya Umuhoza alikuwa shangazi yake mkubwa, Nyirangabo, aishiye Buffalo, ambaye alikwisha kutamka kwamba hatamtoa binti wa ndugu yake kwa mtu asiyejua anakotoka. Vijana wangeweza kwenda katika ofisi ya mjini wakaandikishwa kwa dakika ishirini. Umuhoza hakutaka. Shangazi huyo ndiye aliyembeba mgongoni kutoka milima ya kwao hadi kambi ya wakimbizi baba yake alipouawa. “Asiponibariki yeye,” alikuwa amemwambia Wilmer, “siolewi.”

“Shemeji,” Karaha alimwambia Mama Umuhoza, huku akikoroga chai, “kuna kitu kimoja kinanisumbua. Kijana ana majina mawili ya ukoo. Zepeda. Lara. Donc, kwa hiyo baba zake ni wawili?”

“Baba ni mmoja,” alijibu Mwalimu. “Jina la kwanza ni la upande wa baba, la pili la upande wa mama. Ndivyo wafanyavyo wenye majina ya Kihispania.”

“Na mama yake naye ana mawili?”

“Ana mawili.”

“Basi mtoto angekuwa na manne.”

“Hapana. Anachukua la kwanza la kila mmoja.”

“Na yale mengine yanakwenda wapi?”

Mwalimu Kalisa alivuta pumzi. Alihitimu chuo cha ualimu Bukavu, akafundisha milimani miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukutana na jambo lisiloelezeka likiandikwa kwa mistari iliyonyooka. Aliomba daftari. Kanuni yake ilikuwa ileile ya darasani: mfano kwanza, zoezi baadaye. Ili asiikosee heshima nchi yoyote iliyopo, alibuni nchi. Ili asiukosee heshima ukoo wowote, alibuni ukoo. Juu kabisa aliandika neno MFANO na kulipigia mistari miwili. Chini yake akaandika: Montalvera. Ukoo wa Ferreda.

Wa kwanza, Anselmo, alimfanya mchunga ng'ombe wa watu wengine, maana alijua Karaha hasikilizi habari isiyo na ng'ombe. Wa pili akampa ng'ombe wake mwenyewe. Wa tatu alikuwa na shamba, wa nne hakimu, wa tano kanali, wa sita gavana. Na wa saba, kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea kupanda, akamwandika mtukufu. Kando ya kila mmoja aliweka jina la ukoo wa mama, ili ionekane wazi jinsi jina linavyoingia na jinsi linavyotoka. Mwisho wa ukurasa aliandika: Wilmer Zepeda Lara, akaacha nafasi tupu, Karaha aoneshe mwenyewe lipi la baba na lipi la mama.

Karaha aliuangalia ukurasa kwa muda mrefu, hasa pale penye ng'ombe.

“Nimeelewa,” alisema. Akatoa simu, akapiga picha.

Mwalimu alifurahi. Hakuna furaha ya mwalimu izidiyo ya kuona mwanafunzi mgumu akinakili somo. Hakuona kwamba kidole gumba cha Karaha kilikuwa kimekaa juu ya neno MFANO.

Wiki ya tatu ilipokwisha, pongezi zilianza kuingia.

Ya kwanza ilitoka kwa mtu wa Columbus asiyemfahamu, aliyemshukuru kwa “kutuletea mkwe mwenye mizizi”. Ya pili ilimuuliza kama ni kweli ng'ombe walikuwa mia tatu. Mwalimu alijibu kwamba hakuna ng'ombe. Mtu yule akaandika: “Pole sana. Nasi wetu walichukuliwa.”

Ukoo wa Ferreda ulikuwa umetoka Louisville ukiwa mistari saba tu ya daftari. Ulipofika Columbus ulikuwa na ng'ombe mia tatu wenye pembe ndefu na nyumba ya ghorofa juu ya kilima. Uliposhika njia ya Buffalo, gavana alikuwa amepinduliwa, na mjukuu wake alikuwa amevushwa mto usiku mgongoni mwa mtumishi mwaminifu, hati ya utukufu ikiwa imeshonewa ndani ya koti. Watu waliokimbia wanajua habari ya kukimbia inavyopaswa kwenda. Waliipa Montalvera vita, mto na kambi, kwa ukarimu, kama mtu anavyomgawia jirani chumvi. Na mmoja aliposhangaa kwa nini basi kijana anaitwa Zepeda na si Ferreda, wazee watatu walimjibu kwa pamoja: nani kati yetu alivuka mpaka na jina lake?

Ghalani, mambo hayakuwa mepesi zaidi. Wilmer, kijana mrefu, mpole, asiyependa kuitwa kwa sauti, alimfuata Mwalimu saa ya mapumziko na sahani yake ya wali mkononi, akamuuliza kwa Kiingereza chao cha kazini.

“Mwalimu, kwa nini yule mtu wa mlango wa nne wa kupakilia ameniuliza ng'ombe wetu walichukuliwa na nani?”

“Umemjibu nini?”

“Nimemwambia sijui.”

“Na yeye?”

“Amenishika bega. Ameniambia hata yeye hajui wa kwao.”

Jioni hiyo Mwalimu Kalisa alikaa chini, akaandika masahihisho na kuyapeleka katika kundi la wasap la jumuiya yao ya wakimbizi, lenye watu wa miji yote mitatu. Aliyapanga kwa nambari. Moja, Montalvera haipo. Mbili, Ferreda hawapo. Tatu, aliyeandika ni yeye, kwa ajili ya kufundishia. Nne, Bwana Wilmer ni kijana mwema asiyewajua wazazi wake, na hiyo si aibu yake. Aliusoma ujumbe mara tatu, akasahihisha nukta moja, akautuma.

Majibu yalikuja kwa wingi. Watu kumi na wawili waliweka alama ya mikono iliyoshikana. Mmoja aliandika “Amina”. Mzee mmoja wa Buffalo alituma sauti ya dakika nne, ambayo kiini chake kilikuwa hiki: mwungwana wa kweli humtuma msemaji wake akane utukufu wake, ili apendwe yeye na si mali yake, na kwamba yeye binafsi, aliposikia Mwalimu anakana kwa nambari, ndipo alipoamini kabisa.

Mwalimu aliiweka simu juu ya meza kama mtu anavyoweka kitu kilichomuuma.

“Mpigie shangazi mwenyewe,” alisema mkewe, Gracieuse, bila kuinua macho kwenye nguo alizokuwa akizikunja. “Ukishaziba mdomo mkubwa, midogo itajifunga.”

Alipiga. Nyirangabo alipokea mlio wa kwanza.

“Shangazi, shikamoo. Mimi ni Kalisa, msemaji wa kijana wa Umuhoza. Nilitaka kusahihisha jambo kuhusu posa…”

“Kwa simu?”

“Ni jambo dogo, lakini…”

“Mwalimu, wewe ni mtu uliyesoma. Simu ni ya kuulizia wagonjwa. Posa ina mlango, na mlango wangu unaujua. Mnakuja lini?”

“Wiki ya pili ya Aprili.”

“Utasema yote wiki ya pili ya Aprili,” alisema, akakata.

Mwalimu, mkewe na Wilmer, pamoja na Umuhoza na mama yake, walisafiri Ijumaa, magari mawili, wakalala kwa Karaha huko Columbus ili asubuhi wapande wote kwenda Buffalo. Mwalimu alikuwa ameomba mapokezi ya kimya. Walikuta sebule imejaa watu hadi ngazini. Katikati palikuwa na kiti kilichotandikwa shuka jeupe, na hapakuwa na haja ya kuuliza ni cha nani. Mama mmoja mzee alimkamata Wilmer mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akazipapasa sugu alizozipata kwa kubeba masanduku.

“Ona,” aliwaambia wenzake, machozi yakimlengalenga. “Ona maisha yalivyomfanya mtoto wa gavana.”

Umuhoza, aliyekuwa amesimama mlangoni na mama yake, alimtazama Mwalimu. Mwalimu alimshika Karaha kiwiko, akampeleka jikoni, akafunga mlango.

“Ulijua ni mfano.”

“Bon,” alisema Karaha, haya basi kwa Kifaransa.

“Usiniambie bon. Ulijua?”

“Nilijua. Lakini mimi sikumdanganya mtu, Mwalimu. Nilionyesha picha. Watu wakasoma.”

“Na kidole chako?”

“Kidole ni changu. Simu ndiyo ndogo.”

Mwalimu Kalisa alifumba macho. Aliwahi kufundisha darasa la watoto themanini na saba chini ya paa lililovuja, na hakuwahi kumpiga mtoto hata mmoja. Alijikumbusha hilo.

“Karaha, kesho utasimama mbele ya dada yako kama msemaji wa upande wa binti. Utaniuliza kijana anatoka wapi. Unataka nijibu nini?”

“Majina saba. Dakika mbili. Halafu tunakula.” Kisha Karaha akaacha mzaha, na uso wake ukawa uso mwingine, wa mtu aliyechoka. “Wewe husikii wanayoniambia hapa: Kaka yako alikufa, wewe ndiye uliyebaki mahali pake, na binti yake unamtoa kwa mtoto wa kuokotwa. Wananiambia hivyo nikiwa nasali, Mwalimu. Sasa tangu hiyo picha, wananipisha kiti. Na dada amenyamaza; hajasema tena kwamba hakubali. Ukiuangusha ukoo huo kesho, hutauangusha peke yake. Utamwangusha mtoto wetu nao.”

“Ukoo haupo! Siwezi kuangusha kitu kisichokuwapo!”

“Ndiyo maana usikiguse,” alisema Karaha, akafungua mlango, akarudi kwa wageni wake.

Asubuhi, barabara ilikuwa ndefu na mashamba bado ya kijivu. Walipoipita Cleveland, ziwa likawa upande wao wa kushoto, likionekana na kupotea nyuma ya miti. Mwalimu aliendesha, Gracieuse alisinzia, Wilmer alikaa nyuma, magoti yakigusa kiti. Karaha na wanawake walikuwa katika gari lililotangulia.

“Naweza kuyasema,” Wilmer alisema ghafla.

“Kusema nini?”

“Majina saba. Nimeyashika. Anselmo mpaka yule wa mwisho. Umuhoza hapendi, lakini hajanikataza.” Aliyavuta magoti kutoka kwenye kiti. “Nimekuwa mtoto wa watu wengine mara kumi na moja, Mwalimu. Mara ya kumi na mbili si kazi.”

Mwalimu aliendesha maili nyingi akiwa ameukaza mkono kwenye usukani. Alikuwa amekasirika tangu Machi, akimkasirikia Karaha, watu wa Columbus, mzee wa dakika nne, na simu zote duniani. Sasa alikumbuka kwamba kalamu ya buluu ilikuwa yake. Ni yeye aliyemfikisha kijana huyu mahali pa kukariri uwongo ili apewe mke, naye kijana alikuwa akiukariri kwa utaratibu, bila kulalamika, kama alivyofanya kazi zote.

Buffalo iliwapokea kwa theluji. Aprili, na theluji! Nyirangabo aliishi upande wa magharibi wa mji, katika nyumba ya mbao yenye ngazi za nje, na ndani joto lilikuwa la kutosha kukausha samaki. Viti vilipangwa safu mbili zinazotazamana. Upande wa binti walikaa watu ishirini na watatu. Upande wa kijana walikaa Mwalimu, mkewe, Wilmer, na viti tisa vitupu.

Nyirangabo aliketi pembeni, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha zambarau, akiwa hana umri unaoweza kukisiwa. Hakumsalimu Wilmer kuliko wengine wala pungufu ya wengine. Maziwa yaliletwa, yakanywewa. Maombi yakafanywa. Kisha Karaha akasimama, suti imenyooka, sauti imejaa asali.

“Wageni wetu, tumewaona. Mmesema mmepotelewa na ndama, na nyayo zake zimeingia kwetu. Bon. Hatukatai. Lakini nyumba hii haimtoi ndama kwa mtu wa njiani. Mwalimu, utuambie, taratibu, bila kuruka hata mmoja: kijana wenu anatoka kwa nani?”

Watu ishirini na watatu waliinamisha vichwa mbele ili wasikose neno. Wilmer alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kusema Anselmo. Mwalimu alimwekea mkono gotini, akasimama.

“Hatujui,” alisema.

Karaha alikohoa. “Mwalimu anataka kusema kwamba, kwa unyenyekevu…”

“Sina unyenyekevu wowote leo, Karaha, nimechoka nao. Hatujui. Hakuna Montalvera. Hakuna gavana, hakuna kanali, na ng'ombe mia tatu hawakuchukuliwa na mtu kwa sababu hawakuzaliwa. Niliwaandika mimi ili nieleze jambo dogo la majina. Kijana huyu aliachwa ana miaka mitatu. Amelelewa katika nyumba kumi na moja. Nimefanya naye kazi miaka minne; ninayoyajua ni ya miaka hiyo minne tu, na nitayaapia. Ya nyuma ya hapo siyajui, naye hayajui. Mkitaka mtu anayetoka kwa mtu, sisi hatuna. Tunaye huyu.”

Mahali fulani nyuma mtu alisema, “Lakini ile hati ya kwenye koti…”, akanyamazishwa kwa kiwiko. Mama Umuhoza alikuwa ameufunika uso kwa kanga. Ndipo Wilmer aliposimama, bila kuruhusiwa, kinyume cha utaratibu wote, akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na Umuhoza, neno baada ya neno, kama mtu anayepita juu ya mawe mtoni:

“Shangazi. Mimi sina babu. Samahani. Nina kazi, nina Umuhoza. Nilitaka kusema majina yale. Yalikuwa majina mazuri.”

Akaketi.

Nyirangabo alimwangalia. Kisha akamgeukia ndugu yake.

“Karaha.”

“Dada.”

“Wiki saba umenisomea habari za gavana. Nikikuuliza kama kijana anakunywa pombe, unaniambia babu yake alikuwa na farasi. Nikikuuliza kama ameonekana akimpigia binti kelele, unaniambia juu ya nyumba ya ghorofa. Nilikuwa nanyamaza nikifikiri labda nitachoka kukuchoka. Sijachoka bado. Kaa.”

Karaha alikaa.

“Na wewe, Mwalimu. Kwa nini uliandika saba? Mtu akitaka kufundisha majina, wawili hawatoshi?”

Katika muda wote wa kazi ya Mwalimu hakuna mkaguzi aliyewahi kumuuliza swali la haki kuliko hilo. “Wangetosha,” alisema.

“Wangetosha.” Nyirangabo alivuta kitenge juu ya magoti. “Sasa nisikilizeni, maana chakula kinapoa. Mnadhani ninauliza anakotoka kwa sababu nataka utukufu? Wetu wote walizikwa milimani na makaburi yao yanalishiwa mbuzi. Mimi nauliza kwa sababu moja. Siku huyu kijana akimliza binti yangu, nampigia nani? Anselmo? Siku wakipata mtoto, anapelekwa kwa nani apewe jina? Msemaji, nijibu. Nampigia nani?”

“Nipigie mimi,” alisema Mwalimu.

“Kama nani?”

“Kama msemaji wake.”

“Kazi ya msemaji inakwisha leo tukishanawa mikono. Kama nani?”

Mwalimu Kalisa alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuja Buffalo kufuta kosa ubaoni, si kuzaa. Alimtazama mkewe ili apate msaada, na Gracieuse, aliyemfahamu kwa miaka thelathini, alikuwa akiitazama dari.

“Usiniangalie mimi,” alisema. “Mimi nilikwisha kumshonea shati la arusi. Unafikiri nilimshonea kama nani?”

Mwalimu aliinama karibu na Wilmer, akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kama jambo hilo lingemfaa au lingekuwa nyumba nyingine tu ya kumi na mbili. Wilmer alimsikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama angeruhusiwa kubaki hata kama posa ingekataliwa. Mwalimu alisema ndiyo. Basi kijana akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha akakiacha kichwa kimeinama.

“Kama baba yake,” Mwalimu alisema.

“Ukoo wako si wetu?”

“Si wenu.”

“Ungekuwa wetu wangekuwa ndugu wasiooana, na tungelia leo. Vizuri.” Nyirangabo alisimama, na safu yote ya upande wake ikasimama naye. “Basi mtoke.”

“Shangazi?”

“Mtoke nje. Aliyeingia hapa ni msemaji, na msemaji amesema hajui, nami nimemsikia, na posa hiyo imekwisha. Baba wa kijana hajabisha hodi kwangu bado. Tutaanza mwanzo.”

“Mwanzo kabisa?” aliuliza Karaha kwa uchungu, akinusa harufu ya nyama kutoka jikoni. “Na maziwa?”

“Na maziwa. Na maombi. Na wewe utauliza maswali yangu, si yako. Mwalimu anapenda utaratibu, au nimedanganywa hata katika hilo?”

Kwa hiyo walitoka, watu watatu, wakasimama kwenye ngazi za mbao, na mlango ukafungwa nyuma yao. Theluji ilikuwa imezidi. Ndani zilisikika sauti za viti vikiburutwa, na ya Karaha juu ya zote ikisema, “Ngojeni, msibishe hodi kwanza, hatujajipanga!”

“Mtu huyu!” Mwalimu alisema, akipiga miguu chini kwa baridi. “Viti vilikuwa vimepangwa! Vilikuwa vimepangwa vizuri kabisa!”

Gracieuse alicheka hadi akamshika mkono Wilmer asianguke. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amekunja uso, akihesabu kwa vidole, kwa maana ndani wangemuuliza tena swali lilelile, na safari hii lilikuwa na jibu.

“Wilmer, sikiliza. Mimi ni Kalisa. Baba yangu ni Rugaba. Baba yake ni Sebitereko. Sema.”

“Kalisa. Rugaba. Sebi… Sebitero.”

“Sebitereko. Usimeze mwisho, alikuwa mtu mzima. Sema tena.”

“Sebitereko.”

“Baba yake ni Muhoza. Baba yake…” Mwalimu alisita, akatazama theluji, akaanza upya kwa vidole vya mkono wa pili, akasita palepale. Wilmer alingoja, theluji ikimjaa mabegani, bila kuharakisha mtu.

“Tutaishia wanne,” alisema Mwalimu hatimaye. “Wanne wanatosha. Haya, tangu mwanzo.”

“Kalisa,” alianza Wilmer, na mlango ukafunguliwa.